Homa ya Mtoto, Jani la Nyumbani na Dawa Iliyopimwa

Mazungumzo kwa wakazi wa Mamboleo na vitongoji vyake kuhusu dawa zitokanazo na mimea



Katika Kijaluo neno ni moja tu: yath. Yath ni mti uliosimama kando ya boma, na yath ni dawa anayopewa mgonjwa. Kwa hivyo mtu anayeuliza hapa Mamboleo kama mti unaweza kutibu ugonjwa anauliza jambo ambalo lugha yenyewe ilishalijibu zamani. Sayansi nayo haipingi. Dawa ya malaria inayotolewa katika zahanati za Kisumu leo ilitoka kwenye jani, na ile iliyotumika kabla yake kwa wagonjwa mahututi ilitoka kwenye magome ya mti. Swali linalobaki ni gumu kuliko hilo, na ndilo linaloamua hali ya mtoto mwenye homa usiku wa leo: ni jani lipi, kwa kipimo gani, na ni nani aliyewahesabu waliopona na waliokufa?

Mfano wa kuanzia unajulikana na kila nyumba. Mtoto wa miaka mitatu amelala vizuri, ikifika saa nane usiku mwili umewaka moto. Zahanati imefungwa na bodaboda wa saa hizo anaitisha pesa nyingi. Nyanya yake anaamka, anachuma majani anayoyajua tangu alipokuwa msichana, anayachemsha, anamnywesha mtoto kikombe na kumkanda kwa maji. Kufikia alfajiri homa imeshuka. Mama anashukuru, anaenda sokoni. Jioni homa inarudi. Kikombe kingine kinachemshwa. Siku ya tatu mtoto anashikwa na degedege, na ndipo safari ya hospitali inaanza.

Nyanya huyo hakufanya uovu wowote. Alitumia alichokuwa nacho, na homa kweli ilishuka. Homa ya malaria, hata hivyo, ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe, kwa sababu vimelea hupasua chembe nyekundu za damu kwa mawimbi. Wimbi likipita, mwili hupoa, awe mtoto amekunywa kitu au hajanywa chochote. Kikombe kilichonywewa kabla tu ya wimbi kupita hupewa sifa isiyo yake.

Kando ya ziwa jambo hili ni zito kuliko kwingine nchini. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba, kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 14, asilimia 6 nchini kote walikuwa na vimelea vya malaria, lakini katika ukanda wa ziwa walikuwa asilimia 19. Mwaka 2015 ukanda huo ulikuwa na asilimia 27. Kupungua huko ni kwa kufurahisha, ila bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watano.

Mtu mzima aliyekulia hapa ana kinga kiasi. Ameumwa na mbu tangu utotoni, na mwili wake umejifunza kupigana. Akipata malaria anaweza kuumwa kichwa siku mbili, akanywa mwarobaini, akapona, kisha akawaambia majirani kwamba mwarobaini umemponya. Hasemi uongo. Lakini angeweza kupona bila mwarobaini, na hakuna awezaye kujua kwa kumtazama yeye peke yake. Mtoto wa chini ya miaka mitano hana kinga hiyo. Kumpa mtoto dawa kwa sababu ilimsaidia baba yake ni kumbebesha mzigo wa mtu mzima. Tena homa nyingi si malaria kabisa: ni mafua, nimonia, taifodi au ugonjwa wa njia ya mkojo. Asiyepima hajui hata alichotibu.

Ndiyo sababu wanasayansi hawatosheki na ushuhuda wa mtu mmoja, hata awe mwaminifu namna gani.

Jani lililofika hadi zahanati

Mmea wa artemisia asili yake ni Uchina. Ni mmea wa msimu mmoja, wenye majani yaliyochanika kama ya karoti na harufu kali. Wachina waliutumia kwa homa kwa karne nyingi. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya Uchina ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria kwa kuwa klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Miaka miwili baadaye mwanasayansi mmoja wa dawa, Bi Tu Youyou, alipewa uongozi wa kikundi cha watafiti mjini Beijing. Walikusanya maelfu ya maagizo ya tiba kutoka vitabu vya kale na kwa wazee, wakajaribu mamia ya michujo ya mimea kwa panya.

Artemisia ilifanya vizuri mara moja, kisha ikashindwa mara zilizofuata. Wengi wangeiacha hapo. Bi Tu alirudi kwenye kitabu cha tabibu wa karne ya 4, Ge Hong, akaona kwamba tabibu huyo hakuagiza majani yachemshwe. Aliagiza yalowekwe majini, yakamuliwe, juisi inywewe. Huenda moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa. Akabadilisha njia, akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo linalokaribia la mwili wa binadamu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1971 mchujo wa namna hiyo uliua vimelea vyote katika panya, kisha katika nyani.

Kabla ya kumpa mgonjwa, yeye na wenzake wawili waliinywa wenyewe, wakalazwa hospitalini wakichunguzwa. Mwaka 1972 ikajaribiwa kwa wagonjwa 21. Mwaka huohuo kiini chenyewe kikatengwa kikiwa safi, kikaja kuitwa artemisinini. Mwaka 2015 Bi Tu alipata Tuzo ya Nobel.

Hadithi hiyo hupendwa kusimuliwa kama ushindi wa mitishamba dhidi ya wazungu wa hospitali. Ni kweli kwamba bila kitabu cha kale dawa isingepatikana. Lakini mwenye kuisimulia hivyo huruka nusu yake: jani lilelile, likitayarishwa vibaya, lilishindwa. Maarifa ya zamani yalionyesha mahali pa kuchimba. Kilichochimbuliwa kilibidi kisafishwe, kipimwe, kijaribiwe, na mwishowe kibadilishwe kidogo ili mwili ukipokee vizuri zaidi. Kutokana na artemisinini zilitengenezwa artemetha, iliyo ndani ya vidonge vya AL, na artesuneti, inayodungwa kwa sindano.

Kenya ilikuwa imeacha klorokwini mwaka 1998 na kuingia dawa za kundi la salfa, ambazo nazo hazikudumu. Mwaka 2004 ikachagua AL, na kuanzia 2006 ikaanza kuitoa katika vituo vya umma. Wengi wanakumbuka pakiti za bei nafuu zilizokuwa na nembo ya jani la kijani. Mmea wenyewe umekuzwa na wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania, na huko Athi River kukajengwa kiwanda cha kuuchuja.

Na kwa anayedhani kwamba chanjo ni kitu kisichohusiana na miti: chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyozinduliwa Homa Bay mwezi wa Septemba 2019 na kutolewa pia hapa Kisumu, ina ndani yake kichocheo cha kinga ambacho sehemu yake hutoka kwenye magome ya mti wa Chile uitwao kwilaya.

Mti kwa mti

Ushahidi ulio mzito kuliko wote haukulinganisha mti na dawa ya hospitali. Ulilinganisha dawa mbili, zote zilizotoka kwenye mimea.

Kwinini hutoka kwenye magome ya mti wa sinkona, wa milima ya Amerika Kusini. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga mwaka 1820. Mti huo ulihamishwa ukapandwa sehemu nyingi za dunia, Afrika Mashariki ikiwemo. Huko Bukavu, mashariki mwa Kongo, kiwanda cha Pharmakina kimetengeneza kwinini kwa miongo mingi. Kwa vizazi kadhaa, mtoto aliyefikishwa hospitalini akiwa amepoteza fahamu kwa malaria alitundikiwa dripu ya kwinini. Iliokoa wengi mno. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba ni dawa.

Kisha artesuneti ikaja, na swali likawa: je, ile mpya ni bora, sawa, au mbaya kuliko ya zamani? Madaktari wangeweza kubishana hadi leo, kila mmoja akitaja wagonjwa wake. Badala yake walifanya jaribio kubwa katika nchi 9 za Afrika, Kilifi hapa Kenya ikiwa mojawapo ya vituo. Watoto 5,425 wenye malaria kali waligawanywa kwa kura: nusu wakapata kwinini, nusu artesuneti. Kura ni ya lazima, kwa sababu daktari akichagua mwenyewe anaweza, bila kukusudia, kumpa dawa anayoipenda yule mtoto mwenye nafuu, na hesabu yote ikapinda.

Matokeo yalichapishwa mwezi wa Novemba 2010. Katika watoto 2,713 waliopata kwinini, 297 walifariki. Katika watoto 2,712 waliopata artesuneti, walifariki 230. Kwa asilimia ni 10.9 dhidi ya 8.5. Anayesikia haraka anaweza kuona tofauti ni ndogo. Basi aihesabu kwa njia nyingine: kwa kila watoto 41 waliodungwa artesuneti badala ya kwinini, mtoto mmoja zaidi alirudi nyumbani.

Hakuna daktari wala mganga ambaye angeiona tofauti hiyo kwa macho yake. Muuguzi wa kituo kimoja hawezi kukumbuka wagonjwa 41 wa mwisho na kusema ni yupi angeokoka kwa dawa nyingine. Inahitaji maelfu, daftari, na uaminifu wa kuandika kila kifo. Na hesabu ilipotoka, kwinini iliyoheshimiwa kwa karibu miaka 200 iliondolewa kwenye nafasi ya kwanza. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake, na Kenya nayo ikaugeuza wake. Dawa ya hospitali haipewi heshima kwa sababu ya umri wake, wala kwa sababu ya koti jeupe la anayeitoa.

Chai ya artemisia

Baada ya kusikia haya, mkazi mwenye akili atauliza: ikiwa dawa iko kwenye artemisia, kwa nini mtu asipande mche wake nyuma ya nyumba akanywa chai? Swali hili huulizwa sana, na mbegu za artemisia zimesambazwa sehemu nyingi za Afrika kwa nia njema.

Jibu lake limejaribiwa. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2004, wagonjwa wa malaria walipewa chai ya artemisia kwa siku 7, wengine kwinini. Siku ya 7, kwa wastani asilimia 74 ya waliokunywa chai hawakuwa na vimelea, dhidi ya asilimia 91 ya waliotumia kwinini. Asilimia 74 si sifuri. Chai ina dawa ndani yake, na mtu asimwambie jirani kwamba ni maji matupu. Tatizo lilijitokeza katika siku zilizofuata: kati ya waliokunywa chai, malaria iliwarudia wengi.

Sababu yake inaeleweka. Artemisinini haiyeyuki vizuri majini. Jani la shamba moja hutofautiana na la shamba jingine kwa mbegu, kwa udongo, kwa siku lilivyokaushwa. Kikombe cha leo kinaweza kuwa na dawa mara mbili ya kikombe cha jana. Isitoshe, artemisinini yenyewe hutoka mwilini upesi, ndani ya saa chache. Huua vimelea vingi kwa kishindo, kisha huondoka, na vichache vilivyojificha huanza kuzaana tena. Ndiyo maana ndani ya kidonge cha AL mna dawa ya pili, lumefantrini, ambayo hubaki kwenye damu kwa siku kadhaa ikimalizia masalio. Kikombe cha chai hakina mwenzake huyo. Shirika la Afya Duniani limesema zaidi ya mara moja kwamba halipendekezi majani ya artemisia, kwa namna yoyote ile, kutibu au kuzuia malaria.

Kuna hatari nyingine inayomhusu hata asiyekunywa chai. Vimelea vinavyopata dawa kidogo, isiyotosha kuviua, hujifunza kuistahimili. Katika miaka ya hivi karibuni watafiti wamethibitisha nchini Rwanda na kaskazini mwa Uganda aina za vimelea vinavyochelewa kufa vinapokutana na dawa za artemisinini. Uganda si mbali. Gari linalopita hapa asubuhi huwa Busia kabla ya adhuhuri. Klorokwini ilipotea hivyohivyo.

Mwenye kumeza AL nusu na kuhifadhi nusu kwa homa ijayo anafanya kosa lilelile la chai. Dozi ni 6 kwa siku 3: ya kwanza papo hapo, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Humezwa na chakula, na chenye mafuta ni bora zaidi, maziwa au uji wenye siagi, kwa kuwa lumefantrini huingia mwilini vizuri pamoja na mafuta. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, apewe tena dozi hiyo.

Ochuoga na kikombe cha Loliondo

Watoto wa vijiji vya Kisumu wanaujua mti wa ochuoga kwa matunda yake meusi matamu na miiba yake mikali. Wataalamu huuita Carissa. Kaskazini mwa Tanzania, kijiji cha Samunge, Loliondo, huitwa mugariga, na mwaka 2011 uliitikisa Afrika Mashariki nzima. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, maarufu kama Babu, alitoa kikombe cha dawa ya mugariga kwa shilingi 500 za Tanzania, akisema alioteshwa kwamba kitaponya magonjwa sugu, Ukimwi ukiwemo. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Wakenya walivuka mpaka kwa matatu, wenye uwezo wakaenda kwa helikopta. Wengine walifariki foleni ikiwa bado ndefu mbele yao. Wengine walirudi wakaacha ARV, wakiamini wamepona.

Hakuna sababu ya kumcheka aliyekwenda. Mtu aliyebeba ugonjwa usio na tiba husafiri kokote.

Kinachosahaulika ni kwamba mti wenyewe ulishachunguzwa kabla ya foleni hiyo, tena na Wakenya. Mwaka 2006 watafiti wa KEMRI, katika kituo chake cha utafiti wa tiba za jadi jijini Nairobi, walichapisha kazi kuhusu mchujo wa mizizi ya Carissa. Ulizuia virusi vya hepesi kwenye chupa za maabara, na panya walioambukizwa walipopewa mchujo huo walichelewa kupata vidonda na waliishi siku zaidi. Ni matokeo mazuri. Lakini ni hepesi, si virusi vya Ukimwi. Ni panya, si mtu. Na ni mchujo uliopimwa kwa miligramu, si kikombe.

Kati ya chupa ya maabara na mgonjwa pana safari ndefu, na mimea mingi hufia njiani. Vitu vingi huua vimelea ndani ya chupa. Hata sabuni ya kufulia huviua. Kazi ni kupata kitu kinachoua kimelea bila kumuumiza mwenye kimelea, kinachopenya tumboni na kufika kwenye damu kwa kiasi cha kutosha, na kinachofanya hivyo kwa watu wengi, si kwa mmoja mwenye bahati.

Mwarobaini umekwama hapohapo. Michujo yake imeua vimelea vya malaria maabara mara nyingi, na hakuna sababu ya kuudharau. Lakini haujawahi kuthibitishwa katika jaribio kubwa la wagonjwa kama lile la artesuneti. Mafuta ya mbegu zake ni hatari kwa watoto wachanga: mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto waliopewa mafuta hayo wakashikwa na degedege na kupoteza fahamu. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kiwe salama. Mihogo michungu pia ni ya asili.

Wenye maarifa na haki yao

Kina mama wanaoitwa nyamrerwa, wanaotibu watoto kwa majani katika vijiji vya Nyanza, wamebeba maarifa ambayo hakuna chuo kikuu kinachoweza kuyaandika upya wakishaondoka. Wengine huficha dawa zao kwa kuogopa kuibiwa, na hofu hiyo ina msingi: dunia imewahi kuchukua mimea ya watu bila kuwaachia kitu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imetungwa kwa ajili hiyo, nayo inazipa serikali za kaunti jukumu la kuandikisha maarifa yaliyo ndani ya mipaka yao. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inaitambua tiba ya jadi na kutaka iwekewe utaratibu. Nyamrerwa au mganga mwenye dawa anayoiamini ana njia ya kuiwasilisha ichunguzwe, jina la jamii yake likiwa limeandikwa. Utafiti wa malaria wa KEMRI upo hapa Kisian, barabara ya Busia, si ng'ambo.

Na wapo baadhi yao wanaojua mpaka wao vizuri kuliko wauza chupa wenye vipaza sauti sokoni, wanaodai chupa moja inatibu malaria, taifodi, kisonono na nguvu za kiume. Nyamrerwa mzuri humwona mtoto anayelegea na kumwambia mama, "Huyu mpeleke hospitali sasa." Neno hilo limeokoa watoto.

Usiku wa homa

Mtoto mwenye homa anapaswa kupimwa damu ndani ya saa 24. Si lazima hospitali kubwa: wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba hufunzwa kupima malaria kwa tone la damu la kidoleni, na majibu hutoka kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Likitoka jibu la hakuna malaria, lisikasirikiwe. Maana yake ni kwamba ugonjwa ni mwingine na utafutwe. Mtoto anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayeshikwa na degedege, anayehema kwa shida au anayelala bila kuamka vizuri asingoje kipimo cha nyumbani wala kikombe cha aina yoyote. Huyo ni wa sindano ya artesuneti, usiku huohuo, na akishazinduka hupewa AL kamili ya siku 3.

Kumkanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu wakati wa safari hakumdhuru. Mtoto aliyelegea asilazimishwe kunywa, kwani kinywaji kinaweza kuingia mapafuni.

Wanaotumia ARV au dawa za kifua kikuu wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Baadhi ya mimea huifanya ini itoe dawa mwilini haraka kabla haijafanya kazi. Mmea mmoja wa Ulaya unaouzwa kama dawa ya huzuni, St John's wort, umethibitishwa kufanya hivyo kwa ARV. Kwa mimea mingi ya hapa kipimo cha namna hiyo bado hakijafanywa.

Mwisho kuna jambo linalotokea kila siku kwenye benchi la zahanati. Muuguzi anauliza, "Mama, mtoto amepewa nini nyumbani?" Mama anajibu, "Hakuna." Anaogopa kugombezwa, na pengine aliwahi kugombezwa. Muuguzi anayegombeza hufunga mlango ambao yeye mwenyewe anahitaji kupitia, kwa sababu figo au ini likianza kushindwa, jina la mmea ndilo atakalolitafuta kwanza. Wahudumu wanaombwa kuuliza kwa upole. Mzazi naye aseme alichompa mtoto, ni kiasi gani na saa ngapi. Na kama hajui jina la mmea, avunje tawi lenye majani na aje nalo mkononi.